Nguvu inatoka wapi? Gofu, maharagi na ugomvi wa kifundo cha mkono



Leo sitaandika juu ya mbegu wala bei ya mbolea. Nitaandika juu ya gofu. Ninajua kuna watakaocheka: Bunia na gofu, wapi na wapi? Hapa kwetu ukiona nyasi fupi, ujue ng'ombe wameshapita. Lakini mnivumilie kidogo, kwa sababu hii habari inaanzia kwenye bashi ya maharagi, na mimi njo nilikosea ndani yake.

Mwaka wa staji yangu nilitumwa kwenye ushirika mmoja wa wamama, upande wa barabara ya Komanda. Watu walikuwa wamerudi mashambani baada ya kukimbia, na yale yalikuwa mavuno yao ya kwanza ya maana. Maharagi yalikuwa yamekauka vizuri, wakayatandaza juu ya bashi, wakaanza kuyapiga na fimbo, ile kazi vitabu vinaita kupura. Kulikuwa na mama mmoja, miaka yake karibu 60, mwembamba. Yeye alikuwa anashinda wote. Fimbo yake ilikuwa inaanguka kama yenyewe, pa, pa, pa, na yeye anaendelea kupiga habari za watoto wa jirani. Vijana wa miaka 20 walikuwa wanatoka jasho pembeni yake.

Mimi nikamwangalia, nikaona kifundo cha mkono wake kinalegea sana, kinakunjwa na kukunjuka kila pigo. Kichwani mwangu nikawaza: huyu mama ataumiza kifundo. Nilikuwa nimesoma kwamba misuli mikubwa ya mwili iko mgongoni, kwenye mapaja na mabegani, na kwamba kazi nzito inatakiwa kufanywa na misuli mikubwa. Ni kweli, wala sikatai hata leo. Basi nikawakusanya, nikawafundisha: mshike fimbo kwa nguvu, mfunge kifundo, pigo litoke mabegani. Nikaandika hata karatasi moja, yenye mchoro. Wamama wakaitika, kwa sababu kwetu agronomu akisema, amesema.

Siku ya tatu yule mama hakuja. Kifundo kilikuwa kimevimba kama muhogo. Alikaa siku tisa bila kushika kitu. Mvua ikanyesha siku ya sita, na sehemu ya maharagi yake ikaanza kuota ndani ya maganda. Aliyekuja kumlinda kifundo njo alikivunja.

Nilipokwenda kuomba samahani, hakukasirika. Aliniambia tu: "Mutoto yangu, ile fimbo ulisema tuiminye. Fimbo haiminywi. Nguvu inatoka ku mukono, lakini mukono inapashwa kulala." Nguvu inatoka mkononi, lakini mkono lazima ulale. Nilirudi Bunia na lile neno, na sikulielewa. Kama mkono umelala, nguvu inatoka wapi?

Sasa gofu. Mwaka uliofuata nilikuwa Kampala kwa mambo ya familia. Mwenye kuijua Kampala anajua bonde la Kitante: katikati ya mji, barabara ya Yusuf Lule inapita, na huku na huku ni uwanja wa gofu, majani yamekatwa kama zulia. Nilisimama pale nikingoja mtu. Akaja kijana mnene mwenye mabega ya kubeba saruji, akapiga kwa nguvu zake zote, mpira ukaenda karibu tu na kupinda. Nyuma yake mzee mwenye mvi, hata pumzi hakuvuta sana, akainua fimbo, akaishusha, na ule mpira mdogo ukapotea machoni. Na kifundo chake, wandugu, kilikuwa ni kile cha mama wa maharagi. Kilekile.

Usiku ule nikatumia unite zote za telefone kusoma. Nikagundua kwamba swali langu si geni hata kidogo. Wachezaji wa gofu wameligombania zaidi ya miaka 100, wakiwa na pesa, kamera na maprofeseri. Sisi kwenye bashi hatukuwa na kamera.

Niwaeleze kwanza ugomvi wenyewe. Mchezaji anasimama kando ya mpira, anainua fimbo mpaka juu ya bega. Akifika juu, kifundo kinakunjwa, mkono na fimbo vinafanya pembe kama ya ukuta na sakafu. Akishuka, ile pembe inabaki kwanza, halafu karibu na mpira inafunguka ghafla, fimbo inapita kama mjeledi. Wachezaji wakubwa wa leo wanafikisha kichwa cha fimbo kwenye kasi ya kilomita kama 180 kwa saa, na mikono yenyewe haifiki hata robo ya kasi hiyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kasi inazaliwa pale pembe inapofunguka. Hapo hakuna anayebisha. Swali ni hili: ile pembe inafunguliwa na nani? Je, mchezaji anaifungua kwa nguvu ya mikono yake, au inafunguka yenyewe kwa sababu mwili umeivuta?

Watu wakagawanyika. Wengine watu wa mikono, wengine watu wa mwili. Na waliogawanyika hawakuwa wajinga, walikuwa mabingwa.

Tuanze zamani kidogo, na hapa mtaniruhusu niongee kama mtu wa mimea. Mpaka miaka ya 1920 mpini wa fimbo ya gofu ulikuwa mti, hikori ya Amerika ya Kaskazini, mgumu lakini wenye kunyumbuka. Mti una nyuzi, na nyuzi zinajisokota. Ukipiga kwa hasira, kichwa cha fimbo kinachelewa na kugeuka, mpira unakwenda kwa jirani. Harry Vardon wa kisiwa cha Jersey, aliyeshinda Open ya Uingereza mara 6 kati ya 1896 na 1914, alicheza enzi hiyo. Mchezo wa enzi hiyo ulidai mikono yenye akili, vifundo vinavyozunguka pamoja na mpini na kuungoja. Kwa hiyo mafundisho ya wakati ule yalijaa mikono na vifundo. Si kwa sababu wazee wale walikuwa wamegundua siri ya mwili. Ni mti ndio uliodai hivyo.

Halafu kuna mtu mmoja ambaye mimi ningependa kila mwanafunzi amjue, hata asiyejali gofu. Anaitwa Ernest Jones, Mwingereza, mwalimu wa gofu. Mwaka 1916, katika vita ya Ufaransa, alijeruhiwa na akakatwa mguu wa kuume chini ya goti. Aliporudi akashika fimbo akiwa amesimama kwa mguu mmoja, akamaliza mashimo 18 kwa mapigo 83. Wengi wenye miguu miwili, wanaocheza kila Jumamosi, hawafiki hapo mpaka kifo. Jones akajiuliza: kama mguu umeondoka na mpira bado unakwenda, nguvu ilikuwa inatoka wapi? Akajibu: mikononi na vidoleni. Akahamia Marekani, akawa mwalimu mwenye jina, na maisha yake yote akafundisha jambo moja: zungusha kichwa cha fimbo, mwili utafuata wenyewe. Kuonyesha maana yake alifunga kisu kidogo kwenye ncha ya kitambaa cha mfukoni, akakizungusha. Ukizungusha sawasawa, kitambaa kinanyooka na kisu kinakwenda kwa kasi. Ukilazimisha, kitambaa kinakunjamana na kisu kinaanguka hovyo. Huwezi kusukuma kitu kwa kitambaa.

Angalia lile somo vizuri, kwa sababu ndani yake kuna mtego. Jones alisema nguvu ni ya mikono. Lakini kisu na kitambaa vinaonyesha kwamba kwenye kiungo chenyewe hakuna nguvu yoyote. Kitambaa hakina misuli. Alikuwa anasema kitu kimoja na kuonyesha kingine, sawa kabisa na mama wa maharagi.

Mwingereza mwingine, Henry Cotton, aliyeshinda Open mwaka 1934, 1937 na 1948, alikuwa mtu wa mikono kuliko wote. Yeye aliwaambia wanafunzi wapige gurudumu kuukuu la gari kwa fimbo, mkono mmoja mmoja, mpaka mikono ijue kazi. Hilo linaweza kufanyika hata hapa Mudzipela, magurudumu makuukuu tunayo.

Basi ukaja mpini wa chuma. Wamarekani waliukubali katikati ya miaka ya 1920, na wakubwa wa St Andrews kule Scotland wakaukubali mwaka 1929. Chuma hakijisokoti kama mti. Kwa hiyo ule uhodari wa kuzungusha vifundo ukageuka kuwa mzigo. Kule Fort Worth, Texas, vijana wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1912, walikuwa wanabeba fimbo za matajiri kwenye uwanja mmoja: Byron Nelson na Ben Hogan. Nelson njo anahesabiwa na wengi kuwa wa kwanza kuelewa kwamba chuma kinataka mchezo mwingine, miguu na nyonga zikisukuma, mikono ikitulia. Mwaka 1945 alishinda mashindano 18, na 11 kati ya hayo mfululizo.

Hogan alikuwa na shida. Alikuwa mdogo wa mwili, na mpira wake ulipinda kushoto, ugonjwa unaowapata wenye mikono ya haraka. Alihangaika miaka mingi. Mwaka 1949 basi likagonga gari lake, karibu afe, na mwaka 1950 akashinda US Open akitembea kwa maumivu. Watu wakasema huyu ana siri. Gazeti la Life likamlipa, na mwaka 1955 akaitoa: ilikuwa namna ya kukunja kifundo cha kushoto kuelekea nyuma, fimbo ikiwa juu. Kifundo tena! Miaka miwili baadaye, 1957, akatoa kitabu cha mafunzo matano. Humo anafundisha kwamba nyonga zinaanza, kila kitu kinafuata, mikono isifanye chochote mwanzoni mwa kushuka. Halafu mbele kidogo, ndani ya kitabu kilekile, anasema kwamba kwa upande wa kupiga kwa nguvu angependa kuwa na mikono mitatu ya kuume. Wasomaji wamegombana juu ya hilo mpaka leo. Kila kambi inamchukua Hogan kama shahidi wake, na kila kambi ina ukurasa wa kuonyesha.

Mimi siamini kwamba alikuwa anajipinga. Nadhani alikuwa anaeleza alivyohisi katika nyakati mbili za pigo moja. Lakini tungoje kidogo.

Miaka ya 1960 wakaingia watu wa vipimo. Uingereza, chama kimoja cha gofu kiliwapa wanasayansi kazi ya kuchunguza pigo kwa kamera za haraka na hesabu. Matokeo yakatoka mwaka 1968 katika kitabu cha Alastair Cochran na John Stobbs. Walichukua mwili mzima wa mchezaji wakaupunguza mpaka ukawa vijiti viwili vilivyounganishwa na bawaba: kijiti cha juu ni mikono inayozungushwa na mwili, cha chini ni fimbo, bawaba ni kifundo. Basi. Na kile kijiti cha chini, bila mtu kukisukuma, kinafanya karibu yote ambayo fimbo ya bingwa inafanya. Pembe inabaki, halafu inafunguka yenyewe, kwa sababu kitu kinachozungushwa kinataka kukimbilia nje. Fimbo inapokimbilia nje, mikono inapungua kasi, na nishati iliyokuwa kwenye mikono inahamia kwenye fimbo. Tena wakapiga hesabu ya nguvu inayohitajika, wakaona misuli ya mikono ya mbele ni midogo sana kuitoa. Inatoka kwenye miguu na kiwiliwili.

Wenye kusoma mambo ya kilimo mmeshatambua hii mashine. Wakulima wa Ulaya walikuwa nayo kwa karne nyingi kabla ya mashine za kupura: mti mrefu wa kushika, na mwingine mfupi uliofungwa kwa ngozi kwenye ncha. Unazungusha mrefu, mfupi unaruka na kuangukia ngano. Ile ngozi njo kifundo. Sisi hatukufunga ngozi, tulitumia kifundo chenyewe.

Marekani nao wakatengeneza chuma cha kupiga mipira kwa ajili ya majaribio, kwa mfano wa pigo la Byron Nelson, na kikaitwa Iron Byron. Kina mkono mmoja na bawaba moja. Hakina vidole, hakina roho, na kinapiga mpira mahali palepale siku nzima.

Halafu Theodore Jorgensen, profeseri wa fizika kule Nebraska, akaandika hesabu zake, na mwaka 1994 zikawa kitabu. (Huyu mzee, kabla ya gofu, alifanya kazi Los Alamos kwenye bomu la atomu, lile ambalo sehemu kubwa ya uranium yake ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Dunia ni ndogo, na sisi Wakongo tunakutwa kila mahali bila kualikwa.) Alionyesha jambo ambalo linashangaza: ukitumia misuli ya kifundo mapema ili kuongeza kasi, kasi ya fimbo kwenye mpira inapungua. Ukiizuia pembe isifunguke upesi, kasi inaongezeka. Kujitahidi kunapunguza.

Basi watu wa mwili wakafurahi, wakasema kesi imekwisha. Mwalimu David Leadbetter, aliyekulia Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, akamvunja na kumjenga upya Nick Faldo, na Faldo akashinda Open mwaka 1987 kwa kucheza mashimo yote 18 ya siku ya mwisho bila kosa wala ajabu, hesabu kamili kila shimo. Fundisho likaenea: mbwa ndiye anatikisa mkia, mkia hautikisi mbwa. Mwili ni mbwa, mikono ni mkia.

Na hapa njo mimi nilijiona. Kwa sababu karatasi yangu ya staji ilikuwa ya watu wa mwili. Misuli mikubwa, mgongo, mabega. Kwa vipimo nilikuwa upande wa haki! Na bado kifundo cha mama kilivimba. Kosa langu lilikuwa neno moja tu: nilisema wafunge kifundo. Nilichukua ukweli wa kwamba kifundo hakitoi nguvu, nikaufanya amri ya kwamba kifundo kisitembee. Bawaba ikifungwa, vijiti viwili vinakuwa kijiti kimoja, kasi inakufa, na mtu akitaka kazi iende kama jana anaongeza nguvu. Na kila pigo likigonga ardhi, ule mshindo unarudi kwenye kiungo kilichokakamaa. Mpini uliolegea mkononi haurudishi hivyo.

Lakini kuna kitu kingine, na kwangu hicho ndicho kiini cha ugomvi wote. Kushuka kwa fimbo kunachukua kama robo ya sekunde. Fimbo inagusana na mpira kwa nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Habari ikitoka mkononi mpaka ifike kichwani, mpira umeshaondoka. Maana yake, hakuna bingwa aliyewahi kuhisi lile pigo wakati linafanyika. Anachohisi ni kumbukumbu ya pigo, pamoja na nia aliyokuwa nayo kabla ya kuanza. Jones alihisi vidole, kwa sababu vidole njo vinashika, na ngozi ya vidole inasikia kila kitu. Mgongo unafanya kazi kubwa kimya kimya, bila kutoa ripoti. Kwa hiyo ukimuuliza Jones nguvu inatoka wapi, atakwambia vidoleni, na hadanganyi. Ukiuliza kamera, itakwambia kwenye miguu na kiwiliwili, nayo haidanganyi. Kosa linaingia mtu anapochukua alichohisi bingwa mmoja na kukifanya sheria kwa miili yote, au anapochukua alichoona kamera na kukigeuza amri ya kufuata ndani ya robo ya sekunde. Nani ataweza kuamuru nyonga, mabega, mikono, kila mmoja kwa zamu yake, ndani ya muda ule?

Hapo nikajiuliza: kama maneno ya bingwa ni hisia na maneno ya profeseri hayashikiki, wale wachezaji wakubwa wenyewe walijifunza vipi? Angalieni majina. Vardon alikuwa mtoto wa kubeba fimbo kule Jersey. Nelson na Hogan, wabeba fimbo. Na Severiano Ballesteros wa Hispania, mtoto wa kijiji cha Pedreña, naye mbeba fimbo, alijifunza kwa fimbo moja ya chuma kwenye mchanga wa pwani. Huyo Ballesteros alikuja Nairobi mwaka 1978 akashinda Kenya Open, mwaka mmoja kabla ya kushinda Open ya Uingereza. Ukitaka kuona mikono iliyo hai, tafuta video zake.

Na hapa kwetu Afrika ya Mashariki ni historia ileile, na chungu zaidi. Wakoloni Waingereza walipanda nyasi za gofu mapema sana: Entebbe mwaka 1901, Nairobi mwaka 1906. Mwafrika aliingia kwenye uwanja kwa mlango mmoja tu, akiwa na mfuko wa fimbo za mtu mwingine begani. Hakuna aliyemfundisha. Hakuambiwa habari za nyonga wala za vidole. Aliona tu, mapigo mia kwa siku, mazuri na mabaya, na jioni alikata tawi la mti akapiga kitu chochote cha mviringo. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Uganda baada ya uhuru walitoka katika kundi hilo. Wazungu walikuwa na vitabu viwili vinavyogombana. Mtoto wa mfuko alikuwa na macho, na macho yanachukua pigo zima bila kulikatakata.

Sisemi vitabu ni bure, mimi mwenyewe nina lisansi na niliitafuta kwa shida. Bila Cochran na Jorgensen nisingejua mpaka leo kwa nini karatasi yangu iliumiza mtu. Ninachosema ni kwamba kitabu kilinisaidia kuelewa mama anafanya nini, na hakikunipa haki ya kumwambia afanye vingine. Tofauti hiyo kwenye oditwari haikuonekana kabisa. Tulifundishwa kumuuliza mkulima maswali yenye visanduku vya ndiyo na hapana. Hakuna kisanduku cha "mkono unalala".

Msimu wa pili nilirudi kule barabara ya Komanda, si kwa staji, kwa miguu yangu tu. Nilimkuta yule mama kwenye bashi, kifundo kimepona, fimbo inaanguka kama zamani. Nikamwomba nikae pembeni niangalie. Akaniuliza kama leo nimeleta karatasi ingine. Nikasema hapana. Nilikaa saa nzima bila kuuliza kitu. Safari hii niliangalia miguu yake, ambayo mwaka wa kwanza sikuiangalia hata mara moja. Kila pigo, kisigino cha kushoto kilikuwa kinainuka kidogo, halafu kinakanyaga chini kabla fimbo haijaanza kushuka. Kidogo sana, kama mtu anayejaribu kama ardhi ni ngumu. Nikamwambia: "Mama, ile muguu ya kushoto, unajua inafanya nini?" Akasimama, akaiangalia kama muguu ya mtu mwingine.

"Inafanya kitu?"

Akajaribu kupiga huku akiufikiria. Fimbo ikaenda pembeni ya bashi. Akacheka sana, wenzake wakacheka, akanifukuza kwa fimbo ileile, halafu akaniita nirudi, akanipa yake nyingine, ya mti mwepesi. Nikaanza kupiga pembeni yake. Malengelenge yakanitoka saa ya kwanza, mawili kwenye kidole gumba, kwa sababu nilikuwa bado ninaminya.